Mama Mkwe Upande wa Pili wa Mbao

Niliokoka nikiwa na miaka ishirini na sita, Jumapili moja ya mvua mjini Kitale, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeshagombana na watu wanne kuhusu wokovu wao. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Pombe niliiacha siku moja, sigara ikachukua wiki, lakini hasira niliingia nayo kanisani nikaifunga tai. Nikimfokea mtu nilisema ni kemeo la Roho. Mtu akininyamazia nilisema nimeshinda.

Kazi yangu ilikuwa kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara ya kwenda Suam. Akina mama walileta mahindi kwa debe na kwa mkebe wa gorogoro, wakapanga foleni, na mimi nikawahubiria juu ya kelele za injini. Hakuna aliyesikia neno, na nadhani ndiyo sababu hawakuhamia kwa jirani. Vipuri nilinunua kwa mzee mmoja Singasinga mwenye duka mjini. Siku moja alinikuta nikimfokea mpakiaji wake kwa sababu ya mkanda uliokatika, akanitazama juu ya miwani. "Wewe mtu ya kanisa," akasema, "lakini hasira yako ni injini haina gavana ya kushika mwendo. Siku moja itavunja kitu." Nikachukua mkanda wangu nikaenda zangu nimenuna.

Kitu chenyewe nilikuwa nimekwisha kukivunja, miezi michache kabla, nyumbani kwa wakwe zangu Kamukuywa.

Kwetu upande wa Bungoma, mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Hampeani mkono. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, hamtumii choo kimoja, na mkikaribia kukutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, tena ya juu kuliko zote, kwa sababu yule mama amekupa mtoto wake, na wewe unamrudishia kwa kutomzoea. Mimi nilikulia Ndalu, huko huko. Mambo haya niliyajua kabla sijajua kusoma, kwa hiyo nisije nikajitetea hapa kwamba sikujua.

Siku ya harusi mama mkwe aliketi upande wa pili wa kanisa, nyuma ya nguzo, kama ilivyompasa. Wiki chache baadaye tukaenda kwao, mimi na mke wangu, ziara ya kwanza. Wazee waliketi uani, kuku wako mezani, mambo yanaenda vizuri kabisa. Nikamwona mama mmoja akipita haraka nyuma ya ghala na beseni kichwani, ameinamisha uso. Nilijua ni yeye. Na mimi nilikuwa nimesikia, au nilidhani nimesikia, mahubiri kuhusu kuvunja minyororo ya mila. Nikainuka. Nikapaza sauti, "Bwana asifiwe, mama! Kwa Yesu hakuna mwiko!" Nikamfuata, nikamkumbatia kwa nguvu, macho nimeyafumba kama mtu aliye katika maombi.

Beseni lilianguka. Ninachokumbuka ni harufu ya moshi kwenye nguo zake, na jinsi mwili wake ulivyokuwa mgumu kama gogo. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaingia jikoni na kufunga mlango. Mzee mmoja, ndugu wa baba mkwe, akamwaga maji juu ya mikono yake, akaikausha, akaondoka bila kuonja chakula. Mke wangu alikuwa akitazama ardhi. Bibi arusi wa wiki tano, ameaibishwa kwao, na mumewe anatabasamu.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Watu walipiga makofi. Mchungaji alisema "Amina" moja fupi, kisha akanitazama kwa muda, na mimi nikadhani ananionea fahari.

Wazee wa Kamukuywa walituma ujumbe kwamba nirudi niombe msamaha kwa utaratibu. Nilikataa. Ati nimekosa nini, kumpenda mama mkwe? Basi mke wangu akawa anaenda kwao peke yake. Alirudi na ndizi na viazi vitamu, lakini hakuwahi kurudi na salamu. Miaka ikapita namna hiyo. Nikawa shemasi. Nilikuwa wa kwanza kufika kwenye maombi na wa kwanza kugundua nani amechelewa.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Ya pili ilifika mitano. Mke wangu alikuwa bado amelala hospitalini, midomo imekauka, nami nikasimama miguuni pa kitanda nikamwambia kwamba labda imani yake ni ndogo. Naandika maneno hayo kwa sababu niliyasema. Yamekaa ndani yangu tangu siku hiyo, na sitaki mtu anayesoma anidhanie mwema haraka.

Hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Nataka mama."

Nikasema tutamtumia habari.

"Mama hawezi kuja kwako," akasema. "Na unajua ni kwa nini."

Kesho yake niliwasha kisiagi na sikuhubiri. Mteja mmoja akaniuliza kama ninaumwa koo. Nilimwambia ndiyo. Nilikuwa nikiyatazama mahindi yanavyoshuka, nikiona jambo ambalo lingenipasa kuliona miaka hiyo yote: kwamba pale uani sikumkumbatia mama mkwe kwa sababu nilimpenda. Sikumjua hata kidogo. Nilimkumbatia ili wale wazee wanione. Nilichukua aibu ya mama mzima nikaifanya ushuhuda wangu.

Hata hivyo sikwenda Kamukuywa. Kujua kosa ni jambo moja. Kupanda baiskeli ni lingine. Niliendelea hivyo mpaka mimba ya tatu, daktari aliposema mke wangu alale mpaka ajifungue, asiinue hata sufuria. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Dada mmoja wa kanisani alitusaidia wiki mbili, kisha mvua ya kupanda ikaanza na akarudi shambani kwake. Nilijaribu mwenyewe. Nilipika ugali mbichi, nikaufokea. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu amepiga magoti akipangusa sakafu, kwa sababu aliogopa nitakachosema nikikuta pachafu. Kulikuwa na damu kidogo kwenye gauni lake.

Aliogopa nitakachosema. Niliketi pale pale sakafuni. Nimeomba maombi mengi marefu katika maisha yangu, na kwa sauti kubwa, lakini siku hiyo nilimwomba Mungu jambo dogo tu: aniondolee kiburi kwa muda wa kutosha kusema sentensi moja.

Asubuhi nilimwachia jirani ufunguo, nikapanda baiskeli. Kutoka Kitale hadi Kamukuywa si safari ya mchezo, na kila kilima nilipata sababu nzuri ya kurudi. Nilifika jua limepanda. Sikuingia langoni. Nilikaa nje ya ua juu ya gogo, nikaligeuzia boma mgongo, nikakohoa.

Ndani palikuwa na mtu akifagia. Ufagio ukasimama.

"Mama," nikasema, nikitazama barabara. "Ni mimi, wa Kitale. Nilikukosea. Nilikushika mbele ya wazee ili nisifiwe. Nilisema ni Mungu, na haikuwa Mungu, ilikuwa mimi. Nisamehe. Mtoto wako anaumwa. Ameambiwa alale mpaka azae. Ananiogopa, mama, na ni haki yake aniogope. Anakutaka wewe."

Nilikuwa nimepanga sentensi moja. Zilipotoka zote hizo sikujua hata kama aliyekuwa akifagia ni yeye au ni mtu mwingine anayenishangaa. Kando ya ua, upande wa ndani, alikuwa amefungwa ndama. Nilimsikia akitafuna.

Kisha sauti ya mama ikasema, polepole, "We ndama. Ambia huyo mutu nimesikia."

Nikangoja. Ndama akatafuna.

"Ambia yeye, nilikaa jikoni siku tatu. Niliona haya hata kwenda mtoni."

Nikazidi kutazama barabara.

"Ambia yeye tena," sauti ikasema, na sasa ilikuwa karibu zaidi, "mama hawezi kurara kwa nyumba ya mkwe. Na choo yangu itakuwa wapi?"

Nilichelewa kuelewa, mimi mtu wa maneno mengi. Nilidhani ananikatalia. Kumbe alikuwa akinipa masharti ya ujenzi. Machozi yakanitoka hapo juu ya gogo, na kwa kuwa sikuruhusiwa kugeuka, nami nikamwambia ndama kwamba nitajenga, choo pia, na mlango utaangalia upande mwingine. Yule ndama alikuwa na kazi nyingi siku hiyo.

Nilijenga kwa siku tisa. Kibanda cha chumba kimoja mwisho wa ploti yetu, mbao za bei rahisi zenye magome, mabati juu, mlango umeelekea mahindi. Shimo la choo nilichimba mwenyewe. Mashemasi wenzangu walipita wakaniuliza kama nimerudi kwenye mila. Miaka ile ningewahubiria mpaka waombe maji. Niliwaomba tu mmoja wao ashike upande wa pili wa bati.

Siku mama mkwe alipofika niliambiwa nibaki kisiagini. Niliporudi jioni nikaona moshi juu ya kibanda, na nyumba yangu ni tupu. Mke wangu alikuwa amehamishiwa kule kwa mama yake. Hatua ishirini hivi kutoka mlangoni kwangu, na mimi siwezi kuingia.

Tulijifunza kuishi hivyo. Nilikuwa nakohoa langoni mwa boma langu mwenyewe. Mke wangu alikuwa na simu, mimi ninayo nyingine, zile kubwa za kwanza, na mama mkwe alitumia ya binti yake kwa ustadi kuliko sisi sote: yangu ikilia mara moja na kukatika, yeye yuko ndani na mimi nipite; ikilia mara mbili, ningoje. Niliwahi kusimama nje ya lango langu nusu saa, gunia begani, kwa sababu alikuwa akianika nguo bila haraka yoyote. Najua alijua niko pale. Sikuona vibaya. Nilikuwa nimemkalisha jikoni siku tatu.

Jioni, kabla giza halijaingia, niliketi nje ya kibanda, upande usio na mlango, nikaongea na mke wangu kupitia ukuta wa mbao. Kitanda chake kilikuwa hapo hapo upande wa pili. Mwanzoni sikuwa na la kusema. Nilimuuliza amekula nini. Siku ya tatu au ya nne akaniambia hakuweza kumaliza uji, nikaanza, "Sasa wewe unafikiri mtoto atakula..." na sauti ikawa inapanda ile ngazi yake ya zamani. Kutoka ndani nikasikia kikohozi kidogo. Kimoja tu. Hakikuwa cha mke wangu.

Nikaanza upya. "Nikuletee nini kesho ambacho kitapita?"

"Chungwa," akasema.

Sitadanganya kwamba nilibadilika siku hiyo. Nilikuwa naona haya tu, kwa kuwa kuna mtu mzima anasikiliza. Kila neno nililotaka kumwambia mke wangu ilibidi kwanza nilipime: je, hili ni neno la kumwambia mtoto wa mtu, mama yake akiwa amekaa hapo? Mengi yalishindwa. Yalibaki machache, nikayasema hayo machache. Nilimwambia kuhusu mama mmoja aliyelala kwenye foleni akaamka amepakwa unga na wenzake. Mke wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, nikaenda kulala nikitafuta kisa cha kesho.

Wiki zikaenda. Sijui ni lini hasa haya ikageuka kuwa kitu kingine. Najua siku moja kisiagini mama mmoja alimwaga chini unga wote wa debe, unga wake mwenyewe, halafu akanilaumu mimi, na nilijikuta nimeshachukua ufagio. Hakukuwa na mtu wa kukohoa. Yule mama akanishangaa. "Siku hizi hautugombezi, bana," akasema. "Ni nini?" Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Kesho yake akaleta kunde, na mwingine akaleta mayai, na wote wakaniuliza jina la mke wangu ili wamwombee. Miaka yote ile niliwahubiria, sikuwahi kuuliza jina la mmoja wao.

Mama mkwe naye alianza kuniachia chakula mlangoni, kimefunikwa. Niliosha sahani nikairudisha juu ya jiwe. Mara moja aliniwekea kumbikumbi waliokaangwa vizuri sana, na sikujua aliambiwa na nani kwamba ndio ninaowapenda. Nikaanza kumwombea, si kwamba Mungu amguse wala amfungue. Niliomba mgongo wake usimuume, maana nilimsikia akiguna akiinua ndoo. Kisha nikatambua kwamba maji naweza kuchota mimi alfajiri kabla hajaamka, na maombi hayo yakaisha.

Ikiwa imebaki chini ya miezi miwili ajifungue, simu ililia kisiagini mchana na haikukatika. Mara ya kwanza. Nilipoishika, mama mkwe hakunisalimu. "Damu," akasema. "Tafuta gari."

Jirani alikuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Wanawake wakamtoa mke wangu wakamlaza nyuma juu ya godoro, mama yake akakaa naye, amejifunika leso kichwani. Mimi nikaambiwa nikae mbele na dereva. Nyuma yetu palikuwa na kioo kidogo. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa kioo kile, sijui yuko hai au vipi, na mama mkwe yuko naye. Nikigeuka nitamwona yeye pia, katika hali ambayo mama hapaswi kuonwa na mkwe. Barabara ilikuwa mbovu. Dereva akawa ananiambia, "Si uangalie nyuma utuambie!" Nikashika dashibodi kwa mikono miwili nikatazama mbele mpaka hospitalini. Nilikuwa nalia kwa sauti. Nilimsikia mama mkwe akiimba kule nyuma, pambio la kwao, polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Walimpasua alasiri hiyo. Niliketi kwenye benchi. Saa kumi na moja muuguzi alitoka akasema ni msichana, mdogo sana, lakini analia. Na mama yake? nikauliza. Mama yake yuko hai, akasema. Nikainama nikashika magoti yangu, nikawa nasema asante, asante, mpaka muuguzi akaniambia niwapishe watu njia.

Lakini sikuingia. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda na hakubanduka. Wodi ilikuwa na mlango mmoja, na korido ni nyembamba, akitoka tungegongana. Kwa siku mbili nilileta chupa ya uji, nikakohoa, muuguzi akaichukua. Mmoja akanigombeza mbele ya watu: "Wewe ni baba gani? Mtoto ana siku mbili hujamwona!" Zamani ningemwonyesha mimi ni baba gani. Nikasema, "Sista, mama mkwe yuko ndani." Naye alikuwa mtu wa Bungoma. "Pole, baba," akasema, akabeba chupa kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, nilisimama tena pale na chupa yangu. Mlango ulikuwa wazi. Nikakohoa ili muuguzi aje. Badala yake ikatoka sauti ya mama mkwe, na haikuwa ikimwambia mtu mwingine.

"Ingia, baba," akasema. "Nimegeuka."

Niliingia nikitazama sakafu. Niliona magurudumu ya kitanda, kisha viatu vya plastiki, visigino vimenielekea. Alikuwa amesimama anatazama dirisha. Mke wangu akaninyooshea mkono, nikaushika, mwembamba na wa moto. Nikainua macho kidogo, nikaona leso, nikaona mgongo uliochoka. Nikaona bega, na juu ya bega hilo, ametoka kunyonya na anapigwapigwa acheue, mwanangu, uso umenielekea mimi. Mama mkwe hakumweka kitandani kabla ya kugeuka. Kama alifanya hivyo makusudi sijui, na sijawahi kumuuliza.

Yule mtoto alifungua jicho moja.

"Anafanana na nani?" mama mkwe akauliza, akiliambia dirisha.

Mke wangu akacheka kidogo, akishikilia kidonda chake. "Ni wewe mtupu, mama," akasema. "Paji, pua, kila kitu."

Nikamtazama tena yule mtoto, nikamtazama sana, kwa sababu uso huo sikuwa nimewahi kuuona.